Fuata mkasi: namna ya kukagua usalama wa kituo cha afya Bukavu

Kituo cha afya kinaweza kuwa na kibali cha kazi, rangi mpya ukutani na ratiba ya zamu iliyopigwa mhuri, na bado mama aliyekuja kujifungua akarudi nyumbani na usaha kwenye mshono. Kwa sababu hiyo hatuanzi ukaguzi kwenye meza ya muuguzi mkuu. Tunachagua chombo kimoja na kukifuata kila kinakopita. Njia hii inamfaa mkaguzi wa zoni ya afya, yaani eneo ambalo vituo vyake vya afya vinasimamiwa na ofisi moja, mwenye kliniki ya mtaani Kadutu au Bagira, na wajumbe wa kamati ya afya pia.

Tuchukue mkasi wa kukatia kitovu. Ukitoka kazini una damu. Umewekwa wapi, na umekaa muda gani kabla ya kuoshwa? Damu ikikaukia kwenye maungio ya mkasi haitoki kirahisi, na mvuke haupenyi vizuri chini ya uchafu ulioganda. Mkasi unapaswa kufunguliwa, usuguliwe kwa brashi na sabuni ukiwa umezama ndani ya maji ili matone yasiruke, na anayeosha awe amevaa glavu nene. Omba uonyeshwe brashi. Ikiwa ni kavu na ina vumbi saa tatu asubuhi, na rejista inasema wanawake wawili wamejifungua usiku, basi mikasi haikusuguliwa.

Baada ya hapo mkasi unaingia kwenye otoklavu, chombo cha kutakasia vyombo kwa mvuke wenye presha, na hapa Bukavu ina shida yake ambayo vitabu vingi havikuandikiwa. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kuchemsha vyombo kwenye sufuria si kuvitakasa. Otoklavu nyingi ndogo zinazowekwa juu ya jiko la makaa hazina kipimajoto, zina kipimo cha presha tu. Pwani, mshale ukifika kwenye bar 1 na kidogo, ndani kuna nyuzi 121. Kwetu, mshale ukisimama kwenye bar 1, ndani kuna nyuzi 118 hivi. Ili kufika 121 mshale unapaswa kufika karibu bar 1.2. Mashine isiyoweza kufika hapo isilazimishwe, na mtu asithubutu kuweka uzito juu ya valvu ya usalama. Iongezewe muda: vyombo vilivyofungwa kwenye kitambaa, ambavyo kwenye nyuzi 121 vinahitaji dakika 30, vikae mara mbili ya hapo.

Muuguzi aulizwe anaanza lini kuhesabu dakika. Wengi huhesabu tangu moto ulipowashwa. Kwanza hewa itolewe kupitia tundu lake mpaka mvuke utoke mfululizo, kisha tundu lifungwe, presha ipande, ndipo saa ianze. Hewa iliyobaki ndani huzuia mvuke kufika kwenye vyombo hata kama mshale uko sawa. Utepe unaobadilika rangi juu ya kifurushi unaonyesha tu kwamba kifurushi kilipita kwenye joto. Kinachothibitisha zaidi ni karatasi ya kipimo iliyowekwa katikati ya vyombo. Mwisho, kishike kifurushi. Kikiwa na unyevu hakifai, maana kitambaa kilicholowa hupitisha vijidudu, na kazi yote inarudiwa.

Klorini inapimwa kwa kijiko, na hapo ndipo makosa huanzia. Kwa unga wa asilimia 65 hadi 70, maji ya kunawia mikono, yaani asilimia 0.05, ni kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa ndani ya lita 20. Ya kusafishia sakafu, vitanda na damu, asilimia 0.5, ni vijiko 10 ndani ya lita 20 hizo hizo. Ndoo zikikosa maandishi zitabadilishana: mikono ya wafanyakazi itachubuka, au damu itapanguswa kwa maji yasiyoua kitu. Mchanganyiko utengenezwe kila siku na ufunikwe, kwa sababu jua huudhoofisha. Uchafu uondolewe kwanza, kisha klorini ikae dakika 10. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri ulitufundisha kwa uchungu: watu wengi waliambukizwa ndani ya vituo vidogo walikokwenda kutafuta tiba.

Kuhusu sindano, angalia sanduku la sindano zilizotumika. Likijaa robo tatu linafungwa. Likishindiliwa, atakayechomwa ni mfanyakazi wa usafi, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita.

Friji ya chanjo inasomwa asubuhi na jioni, Jumapili pia, na joto libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Karatasi ya kuandikia joto yenye 4, 4, 4 mwezi mzima, kwa wino mmoja, katika mji ambao umeme hukatika hivi, ilijazwa siku moja. Kwenye alama ya joto iliyobandikwa kwenye chupa ya chanjo, mraba wa ndani ukishakuwa na rangi sawa na duara linalouzunguka, chanjo itupwe. Kuganda nako kunaharibu: chanjo ya pepopunda iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Oksitosini ya kuzuia damu baada ya kujifungua nayo ikae ndani ya friji. Mara nyingi tunaikuta dirishani.

Chumba cha kujifungulia hakihitaji maswali marefu. Mwambie mkunga aunganishe mfuko wa kumpulizia mtoto hewa mbele yako. Barakoa namba 0 na 1 ziwepo zote mbili. Azibe barakoa kwa kiganja na kubonyeza mfuko. Valvu isipofunguka kwa sauti, mahali fulani hewa inavuja. Mtoto asiyepumua anapaswa kupata hewa ndani ya dakika ya kwanza. Mfuko mzuri uliofungiwa kabatini, na ufunguo umekwenda nyumbani na mtu wa zamu ya mchana, hauwezi kumfikia.

Mafaili yaje baadaye. Vuta 10 ya watoto wenye homa bila kuchaguliwa na mtu wa kituo. Uzito umeandikwa? Kipimo cha malaria kilifanywa kabla ya dawa? Artesunati ya sindano, dawa ya malaria kali, ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na 2.4 kuanzia kilo 20. Faili lisilo na uzito lina maana kwamba dozi ilikisiwa.

Mgonjwa aliyeona kasoro aanze kwa muuguzi mkuu, kisha kamati ya afya ya eneo lake, kisha ofisi kuu ya zoni. Aandike siku, saa, chumba na jambo lililofanyika, na kama ni dawa, atunze kichupa au boksi lenye namba ya toleo, kwa kuwa kwa namba hiyo dawa nyingine za kundi lile zinaweza kutafutwa hata kwenye vituo vingine.