Jeni Inapozidi Kufanya Kazi katika Saratani ya Utumbo Mpana

Ripoti ya maabara ikieleza kwamba jeni fulani imezidi kufanya kazi, jamaa za mgonjwa hapa Malindi huniuliza kama ugonjwa huo umerithiwa. Mara nyingi sivyo, kwani mabadiliko mengi ya saratani hii hutokea katika seli za utumbo wenyewe wakati wa maisha ya mtu, na jeni iliyozidi huenda isiwe ndiyo iliyoharibika.

Chukua MYC, jeni inayohimiza seli kugawanyika. Protini yake hupatikana kwa wingi katika sehemu kubwa ya saratani hizi, ingawa mara nyingi jeni yenyewe ni nzima. Hitilafu iko kwa jeni nyingine, APC, ambayo huharibika katika takriban asilimia 80 ya saratani za utumbo mpana zisizo za kurithi. APC husaidia kuvunjwa kwa protini iitwayo beta-katenini. Ikiharibika, beta-katenini hujilimbikiza, huingia katika kiini cha seli na kuiamsha MYC bila kikomo, uhusiano uliobainishwa mwaka 1998.

Jambo hili huonekana kwa hadubini. Kinyama kilichochukuliwa utumboni hutiwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hupakwa kingamwili zinazoishika beta-katenini na kuacha rangi ya kahawia. Katika utando wenye afya kahawia hiyo hukaa pembezoni mwa seli, ilhali katika uvimbe wa saratani huenea hadi ndani ya kiini.

Hata hivyo, na hili nalisisitiza kwa kila daktari kijana, wingi wa protini peke yake hautoshi kuchagua tiba. Mwaka 2004 cetuximab, dawa inayozuia EGFR, iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulionyesha EGFR, protini ya juu ya seli inayopokea amri ya kukua, lakini baadaye ikadhihirika kwamba kiasi cha EGFR hakitabiri nani atafaidika. KRAS au NRAS, jeni za kundi la RAS zinazopitisha amri hiyo ndani ya seli, ikiwa imebadilika, amri ya kukua hutoka chini ya EGFR, na kuizuia EGFR hakufai kitu. HER2, jeni nyingine inayohimiza ukuaji, ni tofauti: katika wagonjwa wachache nakala za jeni hiyo huongezeka, na wingi huo wenyewe ndio unaolengwa na dawa kama trastuzumab.

Ndiyo maana jamaa wanaoniletea ripoti kutoka Lamu nawaomba walete pia kile kipande cha nta chenye kinyama, kwa sababu vipimo vya RAS na HER2 vyaweza kufanywa humo hata miezi mingi baada ya upasuaji.