Je, wajua kwa nini benki za Kenya hutangaza hesabu kila robo mwaka, ilhali Safaricom haitangazi?

Ikifika mwisho wa Mei, Agosti na Novemba, magazeti ya Nairobi hujaa tarakimu ndogo ndogo: hesabu za benki. Kwa miaka mingi nilimweleza kila aliyeuliza kwamba Soko la Hisa ndilo linalozidai kila robo mwaka. Nilikosea, tena kwa kujiamini. Soko hilo hudai hesabu za nusu mwaka na za mwaka mzima, basi. Ndiyo maana Safaricom, inayofunga mwaka wake Machi 31, hutangaza matokeo Mei na Novemba tu. Kinyume chake, Citibank ya Nairobi haiuzi hata hisa moja katika soko hilo, na bado huchapisha kila robo. Ingekuwa ni amri ya soko, ingenyamaza. Kilichonipotosha ni habari za Marekani, ambako kampuni zilizo sokoni zimetakiwa kuripoti kila robo mwaka tangu 1970. Nikadhani ndiyo desturi ya dunia, kumbe hata Uingereza iliondoa sharti la namna hiyo mwaka 2014.

Anayezidai hesabu hizo ni Benki Kuu ya Kenya.

Kwa nini benki? Muuza mitumba mwenye mtaji wake wa shilingi 100 akipoteza 10, hasara ni yake na anaijua jioni ileile. Sasa mtazame mweka hazina wa chama: ana 100 za wenzake na 8 zake, na sehemu kubwa ameikopesha. Mkopaji mmoja akitoroka na 10, zake 8 zimekwisha na 2 za wenzake zimeondoka. Lakini hakuna anayegundua! Anayekuja kuchukua chake hulipwa kwa kilicholetwa na mwingine, na shimo hubaki limefunikwa hadi siku watakapokuja wote. Hiyo 8 sikuibuni: mtaji wa msingi wa benki hautakiwi kupungua asilimia 8 ya amana.

Kwa hiyo utamu wa kurasa zile uko chini kabisa, penye mikopo chechefu (isiyolipwa ipasavyo), mtaji na ukwasi (fedha zilizo tayari kulipa wanaokuja kuchukua chao), si kwenye faida. Ila hesabu za robo kwa kawaida hazijakaguliwa, na zinategemea benki yenyewe kukiri kwamba mkopo fulani umeharibika. Imperial Bank nayo ilikuwa ikichapisha zake, hadi Oktoba 2015 ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa benki iliyokwama.