Augustino wa Hippo: kaburi liko Italia, kwao ni Afrika

Kwa kuwa kaburi la Mtakatifu Augustino, askofu na mwandishi maarufu wa Kikristo, liko Pavia, Italia, wengi huamini alikuwa Mwitalia. Haishangazi, ila kaburi huonyesha mifupa ilikoishia tu. Alizaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, leo Souk Ahras, Algeria. Italia alikaa takribani miaka 5: alifundisha Roma na Milano, akabatizwa mwaka 387, kisha akarudi kwao. Alifariki Hippo, Annaba ya leo, tarehe 28 Agosti 430, Wavandali (kabila la Kijerumani) wakiwa wameuzingira mji.

Mifupa ilipelekwa kisiwa cha Sardinia, halafu Pavia katika karne ya 8. Beda, mtawa Mwingereza wa wakati huohuo, aliandika habari hiyo. Mwaka 1695 mafundi walikuta mifupa chini ya kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro, na ubishi kama ni yake ulidumu hadi 1728.

Ukitaka kuhakiki maandishi yoyote yanamhusu Augustino yupi, anza na sikukuu yake. Tarehe 28 Agosti ni ya huyu wa Hippo. Ukikuta 27 Mei, huyo ni Augustino wa Canterbury, aliyefika Uingereza mwaka 597. Wawili hawa huchanganywa mno, hata picha zao.