Jina la Ukoo Halitoshi: Maelezo kwa Wanaotafuta Nasaba ya Familia za Kiyahudi

Kitengo chetu cha nyaraka za nasaba kimekuwa kikipokea malalamiko mengi ya waombaji waliorudishiwa fomu zao, baadhi yao wakiwa wajukuu wa Wayahudi waliokimbia Ujerumani katika miaka ya 1930 na kupata hifadhi Kenya. Tunatambua uzito wa kumtafuta jamaa aliyepotea. Hata hivyo, ombi lenye jina la ukoo peke yake haliwezi kushughulikiwa, na ni haki ya mwombaji kuelezwa sababu.

Wayahudi wengi wa Ulaya ya Kati na Mashariki hawakuwa na majina ya kudumu ya ukoo hadi mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Mtu aliitwa Yaakov ben Yitzhak, kama vile sisi tunavyosema Juma bin Saidi, na jina la mwanawe likaishia na ben Yaakov, yaani mwana wa Yaakov. Serikali ndizo zilizolazimisha majina hayo: Austria mwaka 1787, Urusi mwaka 1804, Ufaransa mwaka 1808 na Prussia, dola ya Kijerumani, mwaka 1812. Ndugu wawili waliokaa miji tofauti waliweza kuandikishwa kwa majina mawili, na watu wasiojuana kabisa wakapata jina moja. Wala jina si kithibitisho cha Uyahudi: Alfred Rosenberg, mwananadharia wa chama cha Hitler, hakuwa Myahudi. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Vilevile tunaomba fomu zisijazwe maelezo kwamba jina lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji Marekani. Makarani wa kituo hicho cha New York walifuata orodha za abiria zilizoandaliwa na kampuni za meli, na waliobadili majina kwa kawaida walifanya hivyo wenyewe baadaye.

Kinachotangulia katika ombi ni mji alikotoka jamaa huyo, kwa sababu daftari za vizazi, ndoa na vifo zilitunzwa mji kwa mji. Andika jina la mji la wakati ule pamoja na la sasa, kwani Lemberg, Lwów na Lviv ni mji mmoja. Nchini Poland, daftari za vizazi huhamishiwa hifadhi ya taifa baada ya miaka 100, na za ndoa na vifo baada ya miaka 80; ambazo hazijatimiza umri huo hubaki ofisi ya usajili, ambako mwombaji hutakiwa kuonyesha undugu wake kwa hati za kizazi kimoja baada ya kingine, bila kuruka hata kimoja. Ambatisha nakala, usitume hati halisi. Hati iliyofutwa au kuongezwa maandishi kwa mkono husababisha faili kufungwa na suala kupelekwa polisi, hata kama mhusika alidhani anasahihisha herufi moja tu, kwa kuwa kughushi ni jinai.

Waombaji wengine hushtuka wanapopokea nakala kutoka Galicia, jimbo lililokuwa chini ya Austria, wakikuta babu ameandikwa “Stern false Rosen”, nao huleta malalamiko kwamba wamepewa hati bandia. Neno “false” hapo ni la Kilatini, lenye maana ya “isivyo sahihi”, nalo linahusu jina linalofuata, si hati. Sheria ya Austria haikutambua ndoa iliyofungwa kidini bila kusajiliwa serikalini, na Wayahudi wengi wa huko walifunga ndoa za namna hiyo tu. Watoto wao wakaandikwa kuwa wa nje ya ndoa, kwa jina la ukoo wa mama. Stern ni jina la mama, ndilo lililokubalika kisheria. Rosen ni la baba, ambalo mtoto alilitumia maishani. Tafuteni yote mawili.

Kwa waliozaliwa Ujerumani, tazameni pembeni ya cheti. Kuanzia Januari 1, 1939, sheria ya Wanazi iliwalazimisha Wayahudi ambao majina yao hayakuwamo katika orodha ya serikali ya majina yaliyohesabiwa kuwa ya Kiyahudi kuongeza jina Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake, nao wasajili wakalichomeka pembeni mwa vyeti vya zamani. Tumepokea fomu ambazo bibi ameandikwa Sara, mjukuu akiamini kwamba ndivyo alivyoitwa nyumbani. Tafadhali andikeni jina alilopewa na wazazi wake.