Kwa Nini Dawa za Sonona Huchelewa Kuleta Nafuu?

Dawa za sonona zinazoandikwa zaidi leo, ambazo pia hutumika kutibu wasiwasi uliokithiri, huanza kufanya kazi ndani ya ubongo saa chache tu baada ya kidonge kumezwa. Hata hivyo, mgonjwa kwa kawaida husubiri wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya kuona nafuu ya maana. Ajabu ni kwamba kichefuchefu na kukosa usingizi havichelewi hata kidogo.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana ujumbe, na kwamba kidonge hujaza pengo hilo. Maelezo haya yamewaondolea wagonjwa wengi lawama ya kuitwa wavivu, na hilo si jambo dogo. Lakini kama yangekuwa kweli, nafuu ingefika siku ile ile serotonini inapopanda. Isitoshe, watafiti wamewahi kuipunguza kwa makusudi miilini mwa watu waliojitolea, kwa kuwanyima triptofani inayotumika kuitengeneza; wengi wa wale ambao hawakuwahi kuugua hawakupata sonona, na walioyumba ni hasa waliokwisha kuugua zamani. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 nayo hayakupata ushahidi thabiti wa upungufu huo.

Wazo lenyewe lilianzia mwishoni likarudi mwanzoni. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kupita matarajio. Baadaye ilifahamika kwamba dawa hiyo huzuia kemikali za aina hii zisivunjwe, na kutokana na hilo na ishara nyingine wanasayansi wakakisia kwamba ugonjwa ni uhaba wake. Dawa kusaidia, hata hivyo, si ushahidi kwamba mtu aliugua kwa kukosa kile inachoongeza. Wala haifuati kwamba dawa hizi ni bure: katika majaribio huzishinda tembe zisizo na dawa, ingawa kwa wastani tofauti si kubwa.

Sehemu ya jibu huenda imo katika seli zenyewe. Seli inayotoa serotonini ina vipokezi vinavyopima kiasi kilichoko nje yake, navyo hufanya kazi kama boya la tangi la maji: maji yakipanda, boya huinuka na mkono wake hufunga bomba. Siku za mwanzo dawa huzuia serotonini isirudishwe ndani ya seli. Kiwango kikipanda, boya huinuka na seli hupunguza kasi ya kutoa nyingine. Dawa inasukuma, ubongo unazuia. Wiki zikipita, vipokezi hivyo hufifia, mithili ya boya lililoingia maji na kuwa zito, na bomba hufunguka tena. Sehemu kubwa ya ushahidi huu, lakini, imetoka kwa panya.

Mtafiti Catherine Harmer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wameonyesha jambo jingine: muda mfupi baada ya kuanza dawa, kabla mtu hajasema anajisikia vizuri, hutambua nyuso zenye furaha kwa urahisi zaidi. Mwenzake akipita bila kumsalimu, huenda sasa akamwona ana haraka tu, wala hakumdharau. Kama ndivyo, nafuu huchelewa kwa sababu inasubiri mambo ya kutafsiriwa upya, na mazungumzo na mshauri nasaha au kutoka nje kidogo kila siku huwa sehemu ya kazi ya dawa.

Kuchelewa huku huwafanya baadhi waache dawa katika wiki za mwanzo, ilhali kuikatiza ghafla kuna madhara yake. Na kwa walio chini ya miaka 25 hasa, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa tiba. Yakijitokeza, daktari aambiwe siku hiyo hiyo, bila kusubiri miadi.