Ditoksi ya juisi kipindi hiki cha baridi: jiko la mkaa lisiingie chumbani

Juni mpaka Agosti ndo baridi yetu huku Nyanda za Juu Kusini, Makete kuna asubuhi unakuta sakitu imeshika majani, na ndo kipindi hichohicho tunaulizwa sana kitengo cha lishe kuhusu ditoksi ya juisi. Mtu anaamua siku tatu au tano anaishi na juisi ya bitiruti, karoti na tangawizi tu, eti inasafisha sumu mwilini, halafu analalamika kitu kimoja: amevaa masweta mawili na soksi bado vidole vimekufa ganzi.

Hiyo baridi inatokea ndani. Joto la mwili linatokana na chakula, na hata ile kazi ya kukisaga inatoa joto, hasa protini, maana asilimia 20 hadi 30 ya nguvu yake inaishia kwenye kuisaga tu, wanga ni 5 hadi 10. Sasa glasi ya juisi ya chungwa ina kaloria kama 110 na protini haifiki gramu 2. Kunywa glasi sita kutwa nzima, hujagusa hata 700, wakati mtu mzima anahitaji karibu 2,000, kwahiyo mwili unabana matumizi na mikono na miguu ndo inaumia kwanza.

Kinachotutia hofu zaidi ni kinachofuata usiku. Jiko la mkaa linaingizwa chumbani, dirisha linafungwa, chini ya mlango linasokomezwa kanga. Mkaa ukikolea hauna moshi, watu wanadhani umeshakuwa salama, kumbe bado unatoa kabonimonoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni na inaua. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na hayo ndo yaleyale mtu wa ditoksi ameambiwa ayategemee, eti sumu zinatoka, vumilia ulale. Analala, na jiko linawaka. Jamani, kama jiko liko ndani na kichwa kinauma usikae kuwaza juisi, tokeni nje wote na watoto, acheni milango wazi, muende hospitali. Na kama mwenzio anayekula ugali wake kama kawaida naye kichwa kinamuuma, juisi haihusiki kabisa hapo.

Hizo sumu zenyewe zinashughulikiwa na ini na figo kila siku, figo peke yake zinachuja kama lita 180 kwa siku, hazihitaji bitiruti ndo zianze kazi. Kwahiyo sisi hatumshauri mtu ashinde na juisi tupu kipindi hiki. Ukiitaka iwe pembeni ya chakula: asubuhi uji wa ulezi wa moto wenye karanga, mchana parachichi (Njombe yapo ya kumwaga), jioni supu nzito ya maharage au njegere na tangawizi ya kutosha. Juisi usiitoe kwenye friji ukainywa hivohivo, na usiichuje, yale makapi ndo yenye nyuzinyuzi. Maji nayo kunywa hata kama kiu huisikii.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wazee na wenye shida ya figo waachane na hii ditoksi kabisa, figo mbovu haiwezi kuhimili potasiamu yote hiyo, yale madini yaliyojaa kwenye juisi.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au glibenklamaidi nawaomba sana mnisikilize. Ukimeza dawa kama kawaida na chakula hamna, sukari inaweza kushuka, na kutetemeka kwake kunafanana sana na kutetemeka kwa baridi, watu wa nyumbani wanakuongezea blanketi. Ila ukiona mtu anatetemeka huku anatoka jasho, au anaongea vitu havieleweki, mpime sukari. Kama hakuna kipimo na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha ale. Akiwa hajitambui msimpe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.