Sanamu za Wagiriki hazikuwa nyeupe

Wengi tumekua tukiamini kwamba Wagiriki na Warumi wa kale walipenda sanamu nyeupe pe. Sivyo. Walizipaka rangi: nywele, midomo, macho, hata mikunjo ya nguo. Kilichozichujusha ni mvua, udongo na miaka, kisha mikono ya wasafishaji. Katika British Museum yenyewe, jumba la makumbusho la London, mwaka 1937 na 1938, mafundi walizikwangua sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, kwa zana za shaba, eti ziwe nyeupe zaidi!

Rangi haikuisha yote. Mwaka 2009 watafiti walizimulika sanamu hizo kwa taa nyekundu, na kwenye mkanda wa sanamu ya Iris, mungu wa kike wa upinde wa mvua, chembe za buluu ya Kimisri, rangi ya kale, ziling'aa katika kamera maalumu. Kwa macho matupu, unaona jiwe tu.